Aliyeumia kichwa Nundu apimwe sokoni, si kitandani tu

Jina lako nani? Uko wapi? Leo ni siku gani? Mgonjwa aliyeumia kichwa akijibu maswali hayo bila kusita, akala, akaenda msalani bila kushikwa mkono, jamaa wanaomuuguza huanza kukusanya sufuria na mikeka. Amepona. Hupandishwa gari au pikipiki, hurudi kijijini, na majirani huja kumshukuru Mungu pamoja naye.

Shida huanza baadaye, na wa kwanza kuiona ni mke, au mume, au kaka anayelala nyumba ya pili. Mtu aliyekuwa akinunua ndakala alfajiri, akizianika, akiziuza na kutenga mtaji kando, sasa anakula mtaji. Anaanza kushona wavu, anauacha. Anaanza kupasua kuni, anaziacha. Akiudhiwa kidogo, anafoka mbele ya wageni. Akiulizwa, anasema yeye ni mzima, na kweli mikono, miguu na ulimi wake ni vizima. Kijiji nacho kinatafuta jina la jambo hilo: amekuwa mvivu, amerogwa, ameanza kunywa kwa siri.

Kilichoharibika mara nyingi si akili yote. Ni ule uwezo wa kuiongoza: kupanga, kuanza kazi na kuimaliza, kubadili njia mambo yanapobadilika, kujizuia, kukumbuka ahadi wakati wake ukifika, kujitazama na kuona kwamba umekosea. Wataalamu huziita kazi za uongozi za ubongo. Mtu anaweza kuzikosa na bado akajua tarehe, akahesabu fedha, akasoma Biblia bila kukwama. Ndiyo sababu maswali ya kitandani hayamgundui. Na zoni ya afya kama ya Nundu, katika wilaya ya Fizi, haina haja ya kungoja mashine kubwa ili ianze kumgundua.

Nundu iko kwenye barabara ya taifa namba 5, ile inayofuata ziwa Tanganyika kutoka Uvira kwenda Baraka. Anayeijua njia hiyo hahitaji kuelezwa vichwa vinaumia vipi. Pikipiki hubeba watu watatu na gunia, na kofia ya chuma, kama ipo, imening'inia kwenye usukani. Wakwea michikichi huanguka. Magari ya mizigo hubeba abiria juu ya magunia. Machimbo ya dhahabu huporomoka. Vita navyo vimekuwa na zao lake tangu miaka ya 1990, la risasi na mapanga, na pia la vitako vya bunduki ambavyo havitoboi ngozi lakini hutikisa ubongo ndani ya fuvu. Kuna pia wanawake wanaopigwa kichwani na waume zao nyumbani, na hao ndio wasiofika hospitali kabisa. Wakifika, huandikisha kwamba walianguka.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalitaja watu milioni 69 wanaoumia ubongo kwa ajali na vipigo duniani kila mwaka. Nchi za kipato cha chini na cha kati zilipewa mzigo unaokaribia mara tatu ya ule wa nchi tajiri. Wengi wa watu hao huumia kwa kiwango kidogo, na wengi hupona. Wanaobaki na upungufu wa kujiongoza ni sehemu tu, lakini hao ndio ambao hakuna daftari linalowaandika.

Jambo hili si jipya kwa tiba. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish, jimbo la Vermont nchini Marekani, msimamizi wa genge la kupasua miamba ya njia ya reli, Phineas Gage, alipigwa na nondo ya chuma iliyoingia chini ya shavu na kutokea juu ya kichwa. Aliishi. Alizungumza siku ile ile. Daktari wake, John Harlow, aliandika baadaye kwamba mtu huyo, aliyesifiwa kwa mipango na busara, alibadilika tabia kiasi kwamba waajiri wake hawakumrudishia usimamizi. Wanafunzi wa udaktari hufundishwa habari hiyo hadi leo. Kisichosimuliwa mara nyingi ni kwamba Gage alikwenda Chile na kuendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa, kazi ngumu yenye ratiba na utaratibu wa kila siku. Alifariki mwaka 1860. Sehemu hiyo ya pili ya maisha yake ndiyo inayofaa kujulikana Fizi, kwa sababu inaonyesha kwamba mtu aliyepoteza uongozi wa ndani anaweza kusaidiwa na utaratibu wa nje.

Tuchukue kipimo kinachotumiwa na wauguzi wengi, kile cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974. Hutoa alama kuanzia 3 hadi 15 kwa kutazama macho, usemi na mwendo wa viungo. Ni kipimo kizuri sana cha saa za kwanza na kimeokoa watu wengi. Lakini mwenye alama 15 ni mtu aliye macho, anayejua alipo na anayetii anapoambiwa ainue mkono. Hakuna alama ya kumwonyesha kama ataweza kulipa ada za watoto watatu katika shule mbili tofauti bila kuchanganya.

Vipo vipimo vya karatasi: kuunganisha namba na herufi kwa mstari, kupanga kadi kwa rangi na umbo, kutaja maneno mengi ndani ya dakika moja. Navyo vina mipaka miwili. Mpaka wa kwanza uligunduliwa London. Mwaka 1991 Tim Shallice na Paul Burgess walichapisha habari za wagonjwa watatu walioumia sehemu ya mbele ya ubongo katika ajali. Akili yao ilipopimwa kwa mitihani ya kawaida ilikuwa nzuri, na kwenye baadhi ya vipimo vya karatasi walifanya vizuri pia, ila maisha yao ya kila siku yalikuwa yamevurugika. Watafiti wakawapeleka kwenye mtaa wa maduka, wakawapa orodha ya vitu vya kununua, mambo ya kuuliza na mahali pa kufika saa fulani, pamoja na masharti machache kama kutumia fedha kidogo iwezekanavyo. Huko ndiko shida ilikoonekana. Walikosea mara nyingi kuliko watu wazima wa afya waliopewa kazi ile ile, na walivunja masharti waliyokuwa wameyaelewa vizuri.

Sababu yake si ngumu. Katika chumba cha kupimia, mtahini ndiye anayefanya kazi ya uongozi. Yeye husema anza, husema basi, hutoa karatasi moja baada ya nyingine, na hakuna mtu anayepita akiuza mandazi. Sokoni hakuna anayesema anza.

Mpaka wa pili unawahusu hasa watu wa Fizi. Karatasi hupima pia shule. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza. Watoto wa Manchester waliwashinda wenzao kunakili michoro kwa kalamu. Wa Lusaka wakawashinda wa Manchester kuiga maumbo kwa waya, kwa kuwa wao hutengeneza magari ya waya wakicheza. Kwa udongo wa mfinyanzi hawakupishana sana. Uwezo ni ule ule, lakini chombo unachokitumia kuupima kinaweza kuuficha. Mpe mkulima wa Nundu aliyeacha shule darasa la tatu penseli na mduara wa namba, kisha useme ubongo wake umeharibika: huenda umepima ukosefu wa madawati wa mwaka aliozaliwa. Hatari ya upande wa pili ipo vilevile. Mwalimu aliyeumia vibaya atamaliza karatasi hizo akiwa anatabasamu, aambiwe hana kitu.

Kwa hiyo kipimo cha Nundu kinapaswa kufanana na maisha ya Nundu, na mifano ya kuanzia ipo. Carolyn Baum na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walitengeneza kipimo ambacho mgonjwa hupika chakula chepesi, hupiga simu, hupanga dawa zake na hulipa bili. Ubora wa kipimo hicho ni namna ya kutoa alama. Haihesabu makosa tu, inahesabu msaada. Je, amefanya peke yake? Alihitaji kuulizwa swali la kumkumbusha? Alihitaji kuonyeshwa kwa kidole? Alihitaji kuelekezwa hatua kwa hatua, kushikwa mkono, au kufanyiwa kabisa? Muuguzi yeyote aliyewahi kumfundisha mama mpya kunyonyesha anazijua ngazi hizo, ingawa hajawahi kuziandika.

Ukiondoa bili na jiko la Marekani, kipimo kinaweza kusimama hapa. Siku ya soko, mgonjwa hupewa faranga kidogo na kazi nne: anunue chumvi na vitunguu, aulize bei ya ndoo ya mihogo kwa wauzaji wawili, apeleke ujumbe kwa mtu wa duka la dawa, arudi kabla ya saa iliyotajwa. Masharti mawili: asizidishe fedha, asinunue kitu kingine. Mtu wa afya humfuata kwa mbali akiangalia. Alianza kwa kufikiri au alikimbilia kibanda cha kwanza? Alipokuta chumvi imekwisha alitafuta kwingine au aliacha kazi zote? Alipokutana na rafiki alisahau ujumbe? Na aliporudi, aliweza kusema mwenyewe alikosea wapi? Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, kwa kuwa asiyeona kosa lake hawezi kulirekebisha, na ndiye atakayewagombeza wote wanaotaka kumsaidia.

Kazi zenyewe zibadilike kwa mtu. Mwanamume ambaye hajawahi kupika asipimwe kwa ugali. Kushindwa kwake hakutakuwa na habari yoyote. Mvuvi aambiwe aandae safari ya usiku: mafuta, taa, nyavu, watu wa kupiga kasia, mgao wa kesho. Mama wa biashara apewe mahesabu ya likelemba, nani kaweka, nani hajaweka, zamu ya nani mwezi ujao.

Kazi nyingine ni kumuuliza anayeishi naye. Uingereza, mwaka 1996, kipimo cha Barbara Wilson na wenzake kilitoka pamoja na hojaji ya maswali 20 yenye nakala mbili: moja hujazwa na mgonjwa, nyingine na mtu anayemfahamu vizuri. Majibu yao yakipishana sana, tofauti yenyewe ni habari. Mgonjwa anasema hana hasira, mkewe anasema sahani tatu zimevunjwa tangu Jumapili. Hojaji kama hiyo haihitaji umeme, ingawa kile kipimo chenyewe huuzwa, na hakuna haja ya hospitali ya Fizi kukinunua. Maswali ya hapa yatungwe hapa, kwa Kiswahili, Kibembe na Kifuliru, pia kwa Kirundi, maana kambi ya Lusenda yenye wakimbizi wa Burundi waliofika kuanzia mwaka 2015 iko katika zoni hii hii.

Kutunga kwenyewe ni kazi ya watu wenye subira. Kabla ya kumpima mgonjwa wa kwanza, kazi za sokoni zipewe watu thelathini au arobaini wasiowahi kuumia: waendesha pikipiki, wakulima, wauza mawese, wanawake na wanaume, waliosoma na wasiosoma. Bila hilo hakuna anayejua mtu mzima wa Nundu hukosea mara ngapi. Pwani ya Kenya, watafiti wa Kilifi wametumia miaka mingi kurekebisha vipimo vya watoto waliougua malaria ya ubongo, wakitafsiri, wakijaribu, wakitupa picha ambazo watoto hawakuzielewa. Hakuna njia ya mkato iliyopatikana huko, na haitapatikana Fizi.

Muuguzi wa Nundu ana jibu lake, na ni la haki. Ana foleni ya malaria. Kipindupindu hakijaondoka mwambao huu. Dawa hukatika, mishahara huchelewa, na sasa anaambiwa afuatane na mtu sokoni akinunua vitunguu. Lakini hakuna aliyesema apimwe kila mwenye nundu kichwani. Wanaohitaji ni waliopoteza fahamu, waliochanganyikiwa kwa siku kadhaa, na wale ambao jamaa zao wanarudi kusema mtu wao si yule. Kumuuliza mke maswali kunachukua dakika kumi na tano. Kumfuata mgonjwa sokoni kunaweza kufanywa na mhamasishaji wa afya wa kijiji aliyefundishwa, anayeishi hatua chache kutoka kwenye soko lenyewe. Shirika la Afya Duniani, OMS, mwaka 2023 lilitoa mwongozo wa huduma za urekebishaji unaojumuisha majeraha ya ubongo, kwa hiyo wizara haiwezi kusema jambo hili ni anasa ya nchi nyingine. Muuguzi akumbuke pia kuuliza kuhusu pombe, kifafa, huzuni na usingizi, maana vyote hivyo huweza kujifanya jeraha la ubongo, na vingine vina dawa.

Hofu nzito zaidi haizungumzwi hospitalini. Ni ya shamba. Mtu akiandikiwa kwamba hawezi kujiongoza, karatasi hiyo itasomwa na nani? Ndugu anayetaka kuuza kiwanja cha baba. Mume anayetaka kuleta mke mwingine. Katika nchi ambayo mipaka ya mashamba imehamishwa na vita mara kadhaa, cheti cha muuguzi kinaweza kuwa silaha kali kuliko panga. Upande wa pili upo pia: asiyepimwa huuza shamba lake mwenyewe kwa bei ya kuku kwa mtu aliyejua vizuri kwamba mwuzaji si mzima, na chifu huweka muhuri kwa sababu mwuzaji alitaja jina lake na tarehe bila kukosea. Hatari zote mbili ni za kweli. Lililo salama zaidi ni matokeo kuandikwa kwa kazi na si kwa mtu. Yasiseme "hana akili timamu". Yaseme: ananunua vitu vitatu bila msaada; akifika vinne anahitaji kukumbushwa; asifanye makubaliano ya fedha nyingi kwa siku moja bila mtu anayemwamini kuwapo; apimwe tena baada ya miezi mitatu. Karatasi ya namna hiyo ina tarehe ya kwisha. Haimfungi mtu maisha yake yote, na mwenye tamaa haimfai sana.

Na baada ya kupima? Wengine husema hakuna faida ya kujua kama hakuna tiba. Hilo si kweli hata kidogo. Mke aliyeelezwa kwamba mumewe haanzi kazi kwa sababu ubongo wake hautoi amri ya kuanza hamwiti tena mvivu; humwambia, sasa saa ya wavu, naye huenda. Simu ya bei ndogo ina kengele ya kumkumbusha dawa na ahadi. Mtaji hukaa kwa dada kwa makubaliano ya mwenye mtaji, hautolewi wote siku moja. Kazi hukatwa vipande na kufanywa kwa utaratibu ule ule, mahali pale pale, kama magari ya Gage kule Chile. Zaidi ya hayo, familia haitumii akiba yake kutafuta aliyeroga, wala haimfungi mtu kamba katika chumba cha maombi. Safari ya Bukavu, kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha SOSAME, inabaki kwa wale wanaoihitaji kweli.

Kuna pia abiria. Dereva wa taksi-moto aliyekaa hospitali wiki mbili kwa kupasuka kichwa hurudi barabarani mara tu pikipiki inapotengenezwa, kwa kuwa mwenye pikipiki anadai hesabu yake ya kila siku. Mikono yake inakumbuka gia. Lakini kuamua kama gari linalokuja lina nafasi ya kupita darajani, kujizuia asishindane na kijana aliyempita, kusikiliza abiria wawili na bado kutazama ng'ombe, hizo ndizo kazi ambazo jeraha la mbele ya ubongo huziondoa kwanza. Hakuna anayemuuliza, chama cha waendesha pikipiki wala polisi wa barabarani. Kofia ya chuma, kwa hesabu za tafiti zilizokusanywa na mtandao wa Cochrane, hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42, na bado inabaki pale kwenye usukani. Kama chama hakiwezi kuwalazimisha wanachama kuivaa, basi angalau kidai kwamba aliyepoteza fahamu katika ajali asipewe abiria hadi mtu wa afya amtazame akifanya kazi halisi, hata kama ni kuendesha pikipiki tupu kutoka hospitali hadi sokoni na kurudi na chumvi.

Yote haya yanaweza kuanza na mstari mmoja kwenye karatasi ya kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, chini ya dawa na tarehe ya kutoa nyuzi: arudi baada ya wiki sita, aje na mtu anayeishi naye.